Rejeta za Bi Monavvar

Fundi Barat-Ali wa Hamadan alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja wake kabla hajawafurahisha. Akiingia nyumba ya mtu, hata kama theluji imelala uani mpaka magotini, kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua dirisha. Hapo watu wakaanza kukohoa, blanketi zikavutwa, na mwenye nyumba akalalamika, "Fundi, tumekuita utuletee joto, wewe unatuingizia mlima Alvand wote ndani?" Naye, kofia bado i kichwani, hujibu polepole, "Acheni nyumba ivute pumzi kwanza. Mgonjwa aliyebanwa pua hawezi kusema anaumwa wapi." Ndipo wakambandika jina la Barat Dirisha, akalizoea kama mtu anavyozoea kovu.

Jina lilikuwa la mzaha, lakini kilicholileta hakikuwa mzaha. Barat alizaliwa katika kijiji kilichojibana ubavuni mwa mlima, mahali ambapo wakati wa baridi hata mbwa hubweka kwa uchoyo. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, chumba kimoja, na joto lao lilikuwa korsi: meza fupi ya mbao, chini yake chungu cha makaa, juu yake mfarishi mkubwa, na familia nzima imeizunguka, miguu yote imeingizwa chini ya mfarishi kama vifaranga chini ya kuku. Hapo walikula, hapo walisimuliana hadithi, hapo walilala.

Alikuwa na dada mdogo, Golandam, mtoto wa maneno mengi. Mwaka mmoja baridi ilizidi, na mama yao akaziba kwa vitambaa kila ufa wa mlango na dirisha ili joto lisitoroke. Tangu hapo Golandam akaanza kuzungumza na bibi yao, na bibi yao alikuwa amezikwa tangu wakati wa mavuno. "Bibi amekaa pale," alisema, akinyoosha kidole kwenye kona penye magunia ya ngano. "Anasema tumsogelezee mfarishi, miguu inamuuma." Mama hakuogopa. Alifurahi, akasema watoto wana macho ambayo wakubwa tumeyapoteza, akawa anaacha nafasi tupu upande ule wa kona. Barat, aliyekuwa mkubwa kidogo, aliitazama ile nafasi akaona mfarishi umebonyea kidogo, kama unavyobonyea juu ya magoti ya mtu. Au alidhani ameona. Siku zile kichwa kilikuwa kikimgonga, na hakuwa na hakika na mambo mengi.

Asubuhi moja Golandam hakuamka. Mashavu yake yalikuwa mekundu, yamenawiri kama ya mtoto aliyetoka kucheza. "Amelala," mama alisema, akaendelea kusema hivyo mpaka wanawake wa jirani walipokuja kumwosha. Barat alipona kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimelalia upande wa mlango, pale paka alipokuwa ametoboa kitambaa ili apate njia yake.

Alipopata ndevu alikwenda Tehran, akaingia kazini kwa fundi mmoja wa Kiarmenia aliyeitwa Vartan, aliyekuwa akifunga mitambo ya joto katika nyumba za watu. Siku moja, wakiwa wanasafisha dohani, Vartan alisema bila kumtazama, kama anayesema jambo la kawaida, "Moto ukikosa hewa huzaa gesi isiyo na harufu wala rangi. Humlegeza mtu, humwonyesha wasiokuwepo, halafu humchukua. Ukimkuta, mashavu yake ni mekundu utadhani yuko arusini."

Barat aliweka spana chini, akatoka nje, akachutama ukutani. Vartan alimfuata baada ya muda.

"Nani?" aliuliza.

"Dada yangu."

Vartan akachutama naye. Alivuta sigara yake mpaka ikaisha, kisha akasema, "Basi jifunze kazi hii vizuri."

Akajifunza. Kilichomkaa moyoni ni jambo moja: katika kazi hii moto hauletwi kwa watu. Moto hufungiwa kwake, ndani ya boila, na dohani yake ya kutolea moshi juu ya paa. Maji ndiyo yanayotumwa. Boila huyapasha, pampu huyasukuma, mabomba huyapeleka chumba kwa chumba mpaka kwenye rejeta, zile mbavu za chuma zinazosimama ukutani chini ya madirisha. Yakishatoa joto lao hurudi kwa bomba la pili kupashwa tena. Na juu kabisa huwekwa tangi dogo la kuyapokea yanapovimba kwa joto. "Maji hayajamuua mtu akiwa kitandani mwake," Barat alipenda kusema, na mkewe Showkat humjibu, "Hujasikia mafuriko, wewe?"

Showkat alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi ulionolewa na vidole visivyotulia; alifuma soksi na fulana za sufu akitembea, akipika, akigombana. Walipooana Barat alirudi Hamadan, akafungua duka karibu na soko la ngozi, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtaa mji ule ambao haukuwa na nyumba iliyopashwa joto na mkono wake. Watoto walizaliwa, wakakua, wakahamia miji yenye baridi kidogo. Hayo ndiyo maisha yake, na yangekwisha hivyo hivyo, kama si nyumba ya Bi Monavvar.

Bi Monavvar alikuwa mjane wa Mzee Shokrollah, muuza viatu. Mume alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Barat mwenyewe alihudhuria matanga, akala halua ya maziko, akatupia udongo kaburini. Kwa hiyo bibi huyo alipomwita mwanzoni mwa majira ya baridi, akisema madirisha yanatoka jasho na nyumba haishiki joto, Barat alikwenda akiwa na huruma zaidi kuliko haraka.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja juu, ya matofali, ya zamani lakini imetunzwa. Boila lilikuwa ndani, katika stoo ya chakula chini ya ngazi. Kama kawaida yake, alinyoosha mkono kwenye dirisha.

"Liache," alisema Bi Monavvar. "Mzee hapendi upepo."

Alikuwa ameshika sinia. Juu yake kulikuwa na bilauri za chai, na Barat akaziona kuwa zimezidi watu waliokuwemo.

"Mzee yupi, Bi Monavvar?"

"Mzee Shokrollah. Kwani nina mwingine?" Alicheka kidogo, kwa haya, kama mwari. "Yuko juu anatoa hewa kwenye rejeta. Unajua desturi yake. Kila baridi ikianza anachukua kile kifunguo chake cha shaba, anaanzia chumba cha wageni, anapita zote mpaka chumba chetu. Hamwachii mtu mwingine. Atashuka sasa hivi, kunywa chai."

Kila fundi anajua kwamba hewa ikinaswa ndani ya rejeta, maji hayapandi na rejeta hubaki baridi. Ndiyo maana kila moja ina koki ndogo juu, ambayo ukiifungua kwa kifunguo hewa hutoka ikifoka, fsss, mpaka maji yatokeze. Barat alitega sikio. Juu palikuwa kimya. Lakini kichwa kilianza kumgonga, kama kilivyomgonga utotoni kule kijijini, jambo ambalo halikuwa limempata tena tangu hapo.

Hakuomba ruhusa tena. Alifungua dirisha hilo na mengine yote, bibi akimfuata nyuma akilalamika, kisha akaingia stoo. Ndimi za moto ndani ya boila zilikuwa za njano, zinayumba kama za kibatari, badala ya kuwa za buluu na kutulia. Uso wa boila ulikuwa umepakwa masizi. Akamwomba bibi espandi, zile mbegu ambazo kila nyumba pale huwa nazo za kufukizia kijicho, akaziweka juu ya kaa na kusogeza moshi wake pale ambapo dohani inaanza. Dohani iliyo nzima ingeuvuta moshi ule kama mtu anavyovuta pumzi. Hii haikuvuta. Moshi ulisita mdomoni mwa bomba, ukageuka, ukamrudia usoni.

Alizima moto, akapanda paani. Kofia ya bati ya dohani ilikuwa imeanguka, na ndani ya bomba lake njiwa walikuwa wamejenga kiota, kiota kikateremka na kuziba njia, na njiwa wawili walikuwa wamo humo humo, wamekauka, mabawa yamefunguka. Aliwatoa kwa mkono. Akasafisha bomba lote, akatia kofia mpya, akajaribu espandi tena. Sasa moshi ulipotea juu kama ulioitwa.

"Umshukuru Mungu, Bi Monavvar," alisema akinawa. "Wiki nyingine moja tungekula halua yako."

Akamweleza habari ya gesi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbata kitambaa cha kichwani.

"Kwa hiyo unasema mume wangu ni gesi."

"Nasema ugonjwa wako ni gesi."

"Mimi sikusema naumwa. Nilisema madirisha yanatoka jasho." Alimsindikiza mpaka mlangoni. "Mikono yako isiumwe, fundi," alisema, kama adabu inavyotaka, lakini hakumtazama.

Theluji ya pili ilipoanguka, Bi Monavvar alikuja nyumbani kwa Barat mchana, wakiwa wanakula. Showkat alimtengea mkate na bakuli la mchuzi. Hakugusa. Macho yalikuwa yameingia ndani.

"Umenifukuzia mume wangu," alimwambia Barat.

"Bi Monavvar..."

"Usinipe somo. Nimekwishasoma. Tangu ulipopanda kwenye paa langu, nyumba ina joto, madirisha makavu, na hakuna mtu ndani yake. Naandaa chai, naisikiliza ikipoa. Rudisha kama ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa ni kaburi."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuomba urudishe."

"Hilo sitalifanya," alisema Barat. "Wala hakuna fundi atakayelifanya."

Bi Monavvar aliinua uso, akaonekana ametulia kabisa. "Basi nisameheni, nimewakatiza chakula," alisema, akavaa viatu vyake, akaondoka zake.

Barat alitaka kuendelea kula. Showkat alikuwa ameacha kufuma, na hilo halikuwa jambo la kila siku.

"Inuka," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Mtu aliyekuja kuomba akinyimwa hulia au hutukana. Huyu hakulia wala hakutukana. Amekwenda kufanya mwenyewe. Inuka, mume wangu, mchuzi hautakimbia."

Walimfuata, lakini barabara ilikuwa na barafu na magoti ya Barat hayakuwa ya kijana, wakachelewa. Walipiga hodi kwa muda mrefu. Mlango ulipofunguliwa, Bi Monavvar alikuwa amesimama hapo akitabasamu, nywele amezichana, na mashavu yake yalikuwa mekundu. Nyuma ya bibi, madirisha yote yalikuwa yanatiririka maji.

"Karibuni," alisema kwa sauti nzito ya usingizi. "Yupo. Ila semeni polepole, yuko karibu kukaa."

Showkat alimkumbatia kiuno akamtoa uani, kwenye theluji, akipigwa viwiko. Barat aliziba pua na mdomo kwa shali, akaingia stoo, akafunga koki ya gesi ya kuwashia boila. Kiwiko cha bomba la dohani kilikuwa kimechomolewa na kurudishwa, kimepinda. Alikivuta. Ndani yake kulikuwa na kizibao cha sufu cha mwanamume, kimekunjwa vizuri, mkunjo wa mtu aliyezoea kukunja nguo za mwenzake kwa miaka mingi, kisha kikasukumizwa ndani.

Alipotoka nacho mkononi, Bi Monavvar alikuwa ameketi kwenye ngazi za ua, amefunikwa koti la Showkat, anatapika. Alipotulia alikiona kizibao akageuza uso.

Barat alikaa kando yake. Hakuwa mtu wa kuisimulia habari ile. Hata watoto wake waliijua nusu tu. Lakini pale theluji ikiwaangukia mabegani aliisimulia yote: kona ya magunia, bibi aliyeumwa miguu, mfarishi uliobonyea, na asubuhi ile ambayo Golandam hakuamka.

Bi Monavvar akauliza:

"Dada yako alikuwa na furaha, alipokuwa akizungumza na bibi yake?"

Barat hakutaka kujibu. "Alikuwa na furaha."

"Basi."

"Alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, Bi Monavvar. Hakujua anakwenda wapi."

"Mimi najua," alisema bibi.

Showkat ndiye aliyesema, kwa ukali, "Nawe una binti, Farzaneh, ambaye ndiye atakayekuja kukuokota. Hilo nalo unalijua?" Bi Monavvar akaanza kulia, na wote wawili wakashukuru kumwona analia.

Farzaneh alipigiwa simu, akaja kutoka Tehran akiwa hajalala. Yeye na Barat wakakubaliana: boila litolewe kabisa ndani ya nyumba, lijengewe kibanda chake uani, kibanda cha matofali chenye mlango wa chuma, na dohani isimame nje mbali na madirisha. Hata mtu akiizibaje, gesi isimfikie aliye ndani. Wakati wa kazi hiyo Bi Monavvar na bintiye walikaa nyumbani kwa Barat, karibu na Showkat na sindano zake za kufumia.

Kwa hiyo Barat alikuwa peke yake katika nyumba ile. Ilikuwa asubuhi nyeupe, jua juu ya theluji, na mwanga uliingia kila chumba mpaka pembeni. Gesi ya kuwashia ilikuwa imefungwa kwenye mita, nje ya ukuta. Boila lilikuwa baridi. Milango na madirisha yote, ya chini na ya juu, aliyaacha wazi, maana ndivyo alivyo. Alipita kila rejeta kwa zamu, akaifungua koki yake ya hewa kwa kifunguo cha Mzee Shokrollah, kilichokuwa kinaning'inia msumarini karibu na ngazi. Bila hivyo maji hayashuki, kama vile mafuta hayatoki vizuri kwenye debe lililotobolewa upande mmoja tu. Kisha akafungua bomba la chini, akaliunganisha na mpira, akayaacha maji yote ya nyumba yatiririke uani. Yalitoka meusi, yakafanya njia katika theluji. Yalipokoma kabisa, akakata mabomba mawili ya boila kwa msumeno wa chuma, akalivuta boila sakafuni, akakaa juu ya debe kupumzika.

Ndipo akasikia, juu, katika chumba cha wageni: fsss.

Ilikuwa sauti ya hewa inayotolewa kwenye rejeta, tena rejeta iliyojaa, yenye nguvu ya maji nyuma yake. Ilifoka, ikapungua, ikawa kidogo kama mate, na ikafungwa kwa mlio mdogo wa chuma. Kisha hatua. Hazikuwa nzito. Zilikuwa hatua za mtu mzima anayevaa kandambili za nyumbani, anayeburuta mguu mmoja kidogo, asiye na haraka. Zikasimama. Fsss, katika chumba cha pili.

Barat alitazama mabomba aliyoyakata. Midomo yao ilikuwa wazi mbele ya macho yake, mitupu, mikavu. Alishika kichwa chake: hakikuwa kinagonga. Upepo wa theluji ulikuwa unapita kati ya madirisha, safi, unakata kama wembe. Alijisemea, "Chuma kinapoa, kinajikunja, kinalia." Lakini chuma kile kilikuwa kimepoa tangu juzi, na chuma hakiendi kwa miguu kutoka chumba hadi chumba.

Hatua ziliingia chumba cha mwisho, kile cha kulala. Fsss. Huko ilikaa muda mrefu kuliko kwingine. Halafu ikafungwa, na baada ya hapo hapakuwa na kitu, isipokuwa tone la maji kutoka paani na gari lililopita barabarani.

Alipanda. Baadaye alisema hakupanda kwa ushujaa, bali kwa sababu kukaa chini akimsubiri mtu yule ashuke kulikuwa vigumu zaidi. Vyumba vilikuwa vitupu, mapazia yanapepea. Katika chumba cha wageni aliinama akaigusa koki ya hewa aliyoifungua kwa mkono wake. Ilikuwa imefungwa. Ya chumba cha pili imefungwa. Alizifikia zote, na zote zilikuwa zimefungwa sawasawa, si kwa nguvu ya fundi anayekaza, bali kwa ule mkazo wa kiasi wa mwenye nyumba anayejua kesho atarudi kufungua tena. Chini ya rejeta ya chumba cha kulala, juu ya zulia, palikuwa na doa dogo la maji. Aliweka kidole. Lilikuwa na joto.

Akateremka, akapita ua, akatoka barabarani bila kofia, akaenda mpaka kwake. Kazi ile aliimaliza, lakini hakuimaliza peke yake. Showkat alikwenda naye, akakaa ngazini na kufuma.

"Labda ulizifunga mwenyewe ukasahau," Showkat alimwambia siku ya kwanza.

"Ningezifunga, maji yasingetoka. Na yalitoka yote."

Showkat alihesabu vifundo vyake.

Kibanda kikaisha, viungo vikafungwa kwa katani na rangi, maji yakajazwa upya, moto ukawashwa uani, na joto likaanza kutembea ndani ya nyumba. Siku ya kumrudisha Bi Monavvar, Barat alikuwa hajaamua. Akisema alichosikia, huenda anamchochea mgonjwa. Asiposema, mwanamke huyu ataketi miezi yote ya baridi akitafuta njia nyingine ya kumfuata mumewe, na njia hazikosekani. Farzaneh alikuwa amekwenda sokoni. Bibi alisimama katikati ya sebule, bado amevaa koti, akiitazama nyumba kama mgeni.

"Pana joto," alisema. "Na hapana mtu."

Barat alisema, "Alikuja nilipokuwa nafanya kazi."

Hakugeuka. "Usinifanyie huruma, fundi. Nimezeeka, sijawa mjinga."

"Alianzia chumba cha wageni. Akapita zote. Ya mwisho ilikuwa ya chumba chenu, na hapo alikawia."

Sasa aligeuka. "Mguu?"

"Anauburuta kidogo. Wa kushoto, nadhani."

Bi Monavvar aliketi. Barat hakuwa amewahi kumtazama Mzee Shokrollah akitembea. Alimjua akiwa ameketi nyuma ya meza ya duka lake, na akiwa jenezani. Bibi alilijua hilo.

"Moto ulikuwa umewashwa?" aliuliza.

"Hapakuwa na moto katika nyumba hii. Boila lilikuwa chini, mabomba yamekatwa, madirisha yote wazi. Hata ningetaka gesi, nisingeipata."

Bi Monavvar akainuka, akavua koti, akaenda jikoni kutenga chai. Alileta bilauri mbili tu, yake na ya fundi.

"Kama anaweza kuja bila hiyo," alisema, "mimi sina haja nayo."

Hakuziba tena kitu. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akanenepa kidogo, akagombana na majirani kuhusu theluji ya paani kama watu wengine, na akafa kwa uzee, nyumbani kwa Farzaneh. Watu walipomuuliza Barat kama mzee yule alirudi tena, alisema hajui, hakuthubutu kumuuliza mjane mambo ya chumbani kwake. Kila mwanzo wa baridi alikwenda kukagua dohani, na akitaka kutoa hewa kwenye rejeta Bi Monavvar humzuia kwa upole. "Acha, fundi. Hiyo imekwisha kufanywa."

Barat mwenyewe aliendelea na kazi mpaka magoti yalipokataa ngazi. Aliendelea kufungua madirisha. Lakini hakuingia tena peke yake katika nyumba isiyo na watu. Kila palipokuwa na nyumba tupu, ya waliosafiri au ya marehemu inayongoja mnunuzi, Showkat alikwenda naye na kikapu chake cha sufu, akakaa ngazini, na wateja wakataniana kwamba fundi Barat anamwogopa mkewe hata hawezi kumwacha nyumbani.

Mwanamke mmoja wa mtaani, aliyeijua habari, alimuuliza Showkat kwa siri siku moja wakiwa kwenye foleni ya mkate: katika nyumba zote hizo, akiwa amekaa pale ngazini, amewahi kusikia kitu?

"Nasikia," alisema Showkat, akipokea mkate wake wa moto na kuukunja. "Ila simwambii. Ana kazi yake."